Kupunguza dawa za shambani kwenye mboga na matunda: hatua kwa hatua, kuanzia gengeni hadi mezani

Maswali ninayoulizwa ni yale yale. Chumvi inatoa dawa? Siki je? Nioshe nyanya kwa sabuni ya vyombo? Mwanangu ndiyo kwanza anaanza kula, nimpe mchicha wa bondeni au nisimpe kabisa? Nimechoka kujibu nusu nusu, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe, ili leo ukirudi na kikapu chako ujue uanze na nini.

Nimelima nyanya mkoani Iringa misimu mitatu, na bomba la kupulizia nimelibeba mgongoni mwenyewe. Mvua ikishika, bakajani, ugonjwa wa ukungu wa nyanya, linamaliza shamba kwa siku chache, na tangu kanitangaze, yule mdudu anayetoboa nyanya na majani yake, aingie nchini mwaka 2014 hata kiangazi hakina nafuu. Tulikuwa tunapulizia kila wiki, wakati mwingine mara mbili. Kisha gari la mnunuzi linafika bila taarifa, bei imepanda, na nyanya zilizopuliziwa juzi zinavunwa leo. Hatukuwa na nia mbaya kwa mlaji. Tulikuwa na deni la pembejeo, na hakuna aliyetueleza kwa nini kwenye lebo kuna siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Leo nayaandika haya kwa sababu najua kinachofika gengeni kimepita wapi.

Jambo moja la kuelewa kabla ya kushika beseni. Kuna dawa zinazokaa juu ya ganda au jani, kama mankozebu, ile inayoacha vumbi jeupe kwenye nyanya. Hizi maji na mkono huondoa sehemu kubwa. Kuna nyingine zinazopenya na kutembea ndani ya mmea, kama imidaklopridi. Hizi hakuna beseni litakalozitoa; zinapungua kwa siku kupita tangu zipuliziwe. Ndiyo maana hatua ya kwanza haihusu maji hata kidogo.

Unachohitaji

- Mabeseni mawili, matatu yakipatikana. Yawe ya jikoni, si ya kufulia.
- Maji safi yanayotiririka: bomba, ndoo yenye koki, au jagi la kumiminia.
- Chujio au ungo wa plastiki.
- Brashi laini. Mswaki mpya unafaa kabisa.
- Kitambaa safi kikavu.
- Soda ya kupikia, ile bikaboneti ya unga mweupe. Hapa watu wengi hukosea: bekingi pauda siyo hiyo, hamira siyo hiyo, na magadi pia siyo hiyo. Soma pakiti.
- Kijiko cha chai na chombo cha kupimia lita moja.

Siki siyo lazima. Dawa ya kuoshea matunda inayouzwa kwenye chupa za bei kubwa nayo siyo lazima: kituo cha utafiti wa kilimo cha Connecticut, Marekani, kilizilinganisha na maji ya bomba na hazikufanya vizuri zaidi.

Hatua

1. Uliza kabla ya kulipa. Swali ni moja: "Hizi zilipuliziwa lini?" Muuzaji wa genge anayechukua mzigo sokoni alfajiri huenda asijue, na usimlaumu. Lakini yule anayeuza mchicha na chainizi aliolima mwenyewe bondeni anajua vizuri sana. Ukimuuliza kwa heshima, na ukawa mteja wa kila wiki, atakwambia: "Dada, tuta hili nimepulizia juzi, chukua lile la kule." Mimi nimeona wauzaji wakibadilisha hata ratiba ya kuvuna kwa sababu wateja watano tu walikuwa wanauliza. Kila dawa ina siku zake za kusubiri. Nyingine ni tatu, nyingine ni kumi na nne na zaidi. Kwa mboga za majani ambazo hujui zilipuliziwa nini, mimi sichukui zilizopuliziwa ndani ya wiki mbili.

Halafu tazama na unuse. Michirizi kama ya chaki, au matone yaliyokauka yakaacha pete, hasa karibu na kikonyo, ni dawa iliyopuliziwa karibuni. Harufu kali kama ya duka la pembejeo, rudisha. Na usidanganyike na jani lenye matundu ukadhani halijapuliziwa. Wakulima wengi hupulizia baada ya kuona wadudu, kwa hiyo tundu linaweza kuwa la jana na dawa ya leo asubuhi.

Changanya mboga kwenye wiki yako pia. Nyumba inayokula chainizi na nyanya kila siku ya Mungu inakutana na dawa zile zile kila siku. Weka matembele, kisamvu, majani ya maboga, mlenda. Wakulima wengi hawazihangaikii kwa dawa kama wanavyohangaikia kabichi na nyanya. Bidhaa yenye alama ya Kilimohai, yaani ya kilimo kisichotumia dawa za viwandani, ukiipata na bei ukaimudu, nunua, ila bado utaiosha.

2. Tenganisha kikapu. Majani peke yake. Zenye ganda laini peke yake: nyanya, hoho, bilinganya, tango, tufaha. Zenye ganda la kukwaruza: karoti, viazi, bamia. Na zile zinazomenywa: chungwa, embe, tikiti, parachichi, ndizi, nanasi. Ukizimimina zote kwenye beseni moja, uchafu wa karoti unahamia kwenye mchicha.

Nawa mikono kwa sabuni. Sabuni ni ya mikono yako na ya mabeseni, siyo ya mboga.

3. Osha kabla ya kukata, siku zote. Hili ndilo kosa ninaloliona katika nyumba nyingi, hata kwa wapishi wazuri. Sukuma wiki inakatwa nyembamba kama uzi, ndipo inatiwa majini. Hapo umefungua mishipa yote ya jani: dawa iliyokuwa juu inaingia ndani, na vitamini zilizokuwa ndani zinatoka kwenda kwenye maji utakayomwaga. Jani zima kwanza, kisu baadaye. Wauzaji wanaokukatia mboga gengeni wanakurahisishia kazi, lakini waombe wakupe nzima.

4. Mboga za majani. Fungua fungu, kata mizizi, tupa majani ya nje yaliyochakaa. Kwa kabichi, bandua majani mawili au matatu ya juu. Hayo ndiyo yaliyopokea dawa nyingi.

Jaza beseni la kwanza, zamisha majani machache kwa mara moja, yatikise kwa mkono kama unayepepeta, kisha yanyanyue. Kunyanyua ni muhimu. Ukimwaga maji pamoja na mboga juu ya chujio, mchanga na vumbi lililokuwa limetua chini linarudi juu ya majani. Weka beseni la pili, rudia. Kisha jani moja moja, au mawili mawili kwa mchicha mdogo, lipitishe kwenye maji yanayotiririka na ulisugue kwa kidole pande zote mbili. Upande wa chini usiusahau: wadudu wengi hujificha huko, na mkulima anayejua kazi hulenga bomba lake huko huko.

Inachosha, najua. Fungu la mchicha la familia ya watu watano linanichukua dakika kama nane. Nikiwa na haraka napika kitu kingine.

5. Zenye ganda laini. Nyanya isugue kwa viganja chini ya maji yanayotiririka, nusu dakika kila fungu la nyanya tatu nne, ukizigeuza. Kituo kile kile cha Connecticut mwaka 2000 kilitoa matokeo kwamba kusuuza kwa maji ya bomba kulipunguza mabaki ya dawa tisa kati ya kumi na mbili zilizopimwa. Kilichofanya kazi ni mwendo wa maji na kusugua. Dawa isiyoyeyuka majini nayo inaweza kung'olewa kama vumbi linavyong'olewa. Kwa hiyo kuloweka tu na kuondoka siyo kuosha.

Ukimaliza, kata sehemu ya kikonyo kwa ncha ya kisu. Pale pana kishimo kinachokusanya dawa, na kidole hakifiki. Hoho ni vivyo hivyo. Ukiipasua, suuza na ndani karibu na kikonyo.

Nyanya iliyopasuka usiiloweke. Ioshe haraka, kata sehemu iliyopasuka, itumie leo.

6. Soda kwa zinazoliwa na ganda. Hii ni kwa tufaha, nyanya za kachumbari, tango, hoho, zabibu. Pima vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa vya soda kwa lita moja ya maji, koroga hadi iyeyuke, zamisha, subiri dakika 12 hadi 15, kisha suuza vizuri.

Vipimo hivi si vya kubuni. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walipaka matufaha dawa mbili, wakayaacha siku nzima, kisha wakayaosha kwa njia tofauti. Soda ya gramu 10 kwa lita moja, kwa dakika 12 kwa dawa moja na 15 kwa nyingine, iliondoa yaliyokuwa juu ya ganda vizuri kuliko maji matupu na kuliko maji yenye klorini. Lakini kati ya dawa zile, moja ilikuwa imepenya zaidi: karibu sehemu ya tano yake ilikuwa ndani ya ganda, na hiyo soda haikuigusa. Basi soda itumie, ila usiipe sifa isiyo yake.

Majani mimi siyaweki soda. Yanalegea, yanabadilika ladha, na mwendo wa maji unatosha.

7. Zenye ganda la kukwaruza. Karoti na viazi: loweka dakika mbili udongo ulainike, sugua kwa brashi, suuza, kisha menya au paruza kwa kisu. Bamia isugue nzima kwa kitambaa kilicholowa, kwa sababu vinyweleo vyake vinashika vumbi. Usikate kichwa kabla ya kuiosha, utajaza ute kwenye beseni.

8. Zinazomenywa nazo zinaoshwa. "Ganda natupa, niioshe ya nini?" Kwa sababu kisu kinapita kwenye ganda na kuingia nyamani. Tikiti maji ndiyo mfano mzuri: limelala chini, limepuliziwa, limepakiwa, limeshikwa na mikono kumi, nawe unalipasua katikati. Lioshe kwa brashi. Chungwa ndilo la kuangalia zaidi, kwa sababu mtoto hulifyonza na midomo ikiwa kwenye ganda. Na kama unatia ganda la chungwa au limau kwenye chai, tumia la mti wa nyumbani au unaoujua. Machungwa yanayosafirishwa kutoka nje mara nyingi hupakwa nta na dawa ya ukungu baada ya kuvunwa ili yasioze njiani.

Ndizi, suuza tu kisha unawe mikono kabla ya kumenya.

9. Kausha kwa kitambaa. Kusugua kwa kitambaa kikavu kunaondoa kilichobaki baada ya maji, na tunda kavu halishiki ukungu upesi kwenye friji.

10. Menya au pika, kwa anayehitaji zaidi. Kwa mtoto mdogo na mjamzito mimi namenya tango, karoti na tufaha hata baada ya kuosha. Nyanya zichovye kwenye maji ya moto dakika moja, kisha kwenye ya baridi, ganda litavuka lenyewe. Unapoteza nyuzinyuzi kidogo, lakini dawa nyingi zinazopenda mafuta, kama saipamethrini na ndugu zake, hukaa kwenye ganda.

Kupika hakuchukui nafasi ya kuosha. Hili nalisema kwa sauti kubwa kwa sababu ya mankozebu. Ikipata moto hugeuka kuwa kitu kingine, ethilinithiourea, kinachosumbua tezi ya thairoidi. Nyanya yenye vumbi jeupe ikiingia kwenye rosti bila kuoshwa, moto haujakusaidia. Umeibadilisha dawa kuwa jambo baya zaidi. Osha, ndipo upike.

Makosa yanayorudiwa

Sabuni ya vyombo au ya unga. Ganda na jani vina vitundu vidogo. Sabuni inaingia na kubaki. Umetoa dawa ukaweka nyingine.

Dawa ya kufulia yenye klorini. Ina kazi yake dhidi ya vijidudu kwa vipimo maalumu vya wataalamu, lakini kukadiria kwa kifuniko cha chupa jikoni ni hatari.

Kuchanganya soda na siki. Inatoa povu, watu wanafurahia, wanaamini povu ndilo linalofanya kazi. Soda na siki zinauana, na unabaki na maji yenye chumvi chumvi. Chagua moja.

Chumvi je? Inasaidia kidogo, na zaidi inatoa viwavi waliojificha kwenye kabichi. Haina madhara ukisuuza. Ila usiache kusugua kwa sababu umeweka chumvi.

Kuloweka saa nzima. Majani yanapoteza vitamini, na dawa iliyoyeyuka inabaki ikiogelea humo humo.

Kuacha kula mboga na matunda. Hili linaniuma kuliko yote. Shirika la Afya Duniani linashauri walau gramu 400 kwa siku, na wengi wetu hatufiki. Mama mmoja aliniambia amewapa watoto ugali na dagaa tupu miezi miwili kwa kuogopa dawa. Mboga iliyooshwa kwa hatua hizi ni salama kwao kuliko sahani isiyo na mboga.

Na kosa la mwisho halipo kwenye mboga kabisa: chupa na madumu ya dawa za shamba kuwekewa maziwa, mafuta au maji. Hata ukiyaosha mara kumi, usiyatumie. Toboa, ondoa.

Kikikwama

*Maji yangu ni ya kununua kwa dumu, siwezi kuyamwaga hivyo.* Tumia mabeseni matatu na upange kutoka chafu kwenda safi. Maji ya beseni la tatu leo yanakuwa ya kwanza kwa kundi linalofuata. Anza na matunda safi, kisha majani, malizia na karoti na viazi. Mwisho mimina jagi moja taratibu ukisugua. Lita kumi zinatosha mboga za siku mbili. Maji ya beseni la kwanza usiwape kuku wala usimwagilie mboga zako.

*Weupe hautoki.* Kwenye zabibu na kabichi unaweza kuwa utando wa asili wa mmea. Utando huo umeenea sawasawa na maji yanateleza juu yake. Weupe wa dawa una madoa, michirizi na pete. Kwenye nyanya ukibaki baada ya kusugua na soda, menya.

*Tufaha linateleza kama limepakwa mafuta.* Ni nta. Soda na kusugua vinapunguza, havimalizi. Menya.

*Mboga zimeonja soda.* Umezidisha kipimo au hukusuuza. Vijiko viwili vya chai kwa lita, siyo viwili vya chakula.

*Naosha za wiki nzima, zinaoza.* Kwa majani, osha unachopika leo. Mengine yafunge kwenye karatasi kavu, yaoshe siku yake. Nyanya ngumu ukiziacha mezani siku tatu nne kabla ya kutumia umeipa dawa muda wa kupungua pia.

*Nataka kulima mwenyewe kidogo.* Anza na mchicha kwenye kiroba au ndoo iliyotobolewa. Wiki tatu hadi nne unavuna. Vidukari wakija, wapanguse kwa mkono na maji, au loweka majani ya muarobaini yaliyopondwa usiku kucha, chuja, nyunyiza jioni. Ukilazimika kununua dawa, nunua yenye lebo kamili, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kama uko Tanzania, na usome siku za kusubiri. Mkanda mwekundu kwenye lebo maana yake sumu kali sana. Hiyo haina nafasi kwenye bustani ya nyumbani.

*Nimekula na sasa najisikia vibaya.* Tumbo la kawaida baada ya kachumbari mara nyingi ni vijidudu. Lakini mate yanayotoka kwa wingi, jasho jingi, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano, misuli kutetemeka au kupumua kwa shida, hasa wakiwa wameugua watu zaidi ya mmoja waliokula sahani moja, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usimtapishe mgonjwa, usimpe maziwa kama dawa. Chukua mabaki ya chakula na mboga mbichi iliyobaki kwenye mfuko uliofungwa, na mwambie daktari ilinunuliwa wapi na lini.